Losheni ya Jua Ipimwe kwa Haki
Kwa mtu mwenye ualbino anayechuuza Kariakoo mchana kutwa, losheni ya kukinga jua ni dawa, si kipodozi. Ikipungua nguvu, saratani ya ngozi hupata mwanya. Kwa hiyo, kiasi cha chembe za nano za oksidi ya zinki kisikadiriwe kwa usomaji mmoja wa mwanga wa urujuanimno. Chembe zilizogandana hutawanya mwanga, na mashine huuhesabu kana kwamba umefyonzwa. Maabara izitenganishe kwanza, kisha ipime pia kwenye nanomita 600, ambako oksidi hiyo haifyonzi: mwanga unaopotea hapo umetawanywa tu. Losheni isiyo na uthibitisho huo haistahili kuaminiwa na mgonjwa.