Nani Aliyechora Mstari wa Kuanzia?

Mpenzi msomaji, leo nakuomba tutoke kidogo katika joto letu, twende katika nchi ambako ardhi hulala chini ya theluji kwa miezi kadhaa ya mwaka. Huko kuna mchezo uitwao mbio za nyika za skii. Mwanariadha hufunga miguuni vibao viwili virefu na vyembamba, hushika fimbo mbili mikononi, kisha huteleza kwa nguvu zake mwenyewe, akipanda vilima na kuvishuka. Katika mchezo huo limo tawi moja ambalo ningependa ulitazame kwa makini, nalo ni mbio fupi za wanawake. Nimeona ndani yake somo la uraia linalotuhusu hata sisi tusiowahi kuigusa theluji.

Kwanza uzielewe mbio zenyewe. Aghalabu njia yake huwa ya kilomita moja na nusu hivi, na humalizika kwa takribani dakika tatu. Kila mwanariadha huanza kwa kukimbia peke yake, akishindana na saa. Thelathini wenye kasi kuliko wengine huingia robo fainali, nazo ni tano, kila moja ikiwa na wanariadha sita. Wawili wa kwanza katika kila kundi husonga mbele. Nafasi mbili zinazosalia hupewa walioshindwa kwa muda mzuri zaidi, ambao tunaweza kuwaita washinde wenye bahati. (Mshindi ni aliyeshinda, mshinde ni aliyeshindwa. Irabu moja tu huwatenganisha!) Kumi na wawili hao hucheza nusu fainali, na sita hufika fainali. Hivyo basi, anayetwaa dhahabu huwa amekimbia mara nne kwa siku moja.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mbio fupi ni changa. Ziliingia katika Mashindano ya Dunia mwaka 2001 mjini Lahti, Finland, na katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2002 huko Salt Lake City, Marekani. Ziliingia kwa wanaume na wanawake pamoja, kwa mchujo wa namna moja na kwa medali zenye thamani moja. Katika mashindano mengine njia ya wanawake ilifupishwa kidogo, lakini hakuna aliyewaambia wanawake wangoje kwanza.

Linganisha na mbio kongwe. Wanaume walianza kushindana katika mbio za nyika za skii kwenye Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924, Chamonix, Ufaransa. Wanawake walingoja hadi mwaka 1952, mjini Oslo, Norway, ambako Lydia Wideman wa Finland alishinda kilomita 10. Hiyo ni miaka 28 ya kusimama kando ya njia. Na hata walipoingia, hawakupewa njia nzima. Miaka 70 baadaye, katika Michezo ya Beijing ya 2022, mbio ndefu za wanaume zilipangwa kuwa za kilomita 50, ilhali za wanawake zilikuwa za kilomita 30.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba mwili wa mwanamke hauhimili. Sikatai kwamba miili hutofautiana. Lakini mwanamke katika mbio hizi hashindani na mwanamume. Hushindana na wanawake wenzake. Tofauti ya kasi haielezi kwa nini njia ikatwe. Isitoshe, pale pale Beijing, baridi na upepo mkali vilifanya mbio za wanaume zifupishwe hadi kilomita 28 na ushei. Kesho yake wanawake walimaliza 30 zao kamili. Je, kuna aliyesema kuwa wanaume wamepungukiwa uanaume? Hakuna. Kumbe urefu wa njia ni uamuzi wa wapangaji, wala si kipimo cha jinsia.

Ndiyo maana nasema kwamba kilichowazuia wanawake hakikuwa maumbile, bali mazoea. Ambapo hapakuwa na mazoea, kama katika mbio fupi, usawa ulizaliwa pamoja na mchezo. Ambapo mazoea yalikuwa yameota mizizi, usawa ulihitaji kura. Mwezi Mei 2022 kamati ya mbio za nyika ya Shirikisho la Kimataifa la Skii ilipiga kura, na asilimia 57 wakaunga mkono umbali sawa. Mwezi Machi 2023, huko Holmenkollen mjini Oslo, Ragnhild Haga wa Norway alishinda mbio za kwanza za Kombe la Dunia za kilomita 50 kwa wanawake. Ni mji ule ule wa mwaka 1952.

Labda utasema kuwa haya ni ya watu wa mbali. La hasha. Mwaka 2017, hapa Kampala, katika uwanja wa Kololo, yalifanyika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika, hizi zetu za kukimbia kwa miguu. Kabla ya hapo wanaume wakubwa walikuwa wakikimbia kilomita 12 na wanawake 8. Kololo wote wakakimbia 10. Irene Cheptai wa Kenya alishinda, na Wakenya wenzake wakachukua nafasi zote hadi ya sita. Mbingu hazikuanguka.

Kuna kisa ambacho watu hupenda kukitumia katika mjadala huu. Katika Olimpiki ya Vancouver ya 2010, Petra Majdič wa Slovenia aliteleza wakati wa kupasha mwili moto akatumbukia katika korongo kando ya njia. Akatoka, akashindana katika mbio fupi, raundi baada ya raundi, akiwa na maumivu makali, akapata medali ya shaba. Baadaye ikabainika kwamba mbavu zake zilikuwa zimevunjika na pafu lake limeumia. Ninamstahi sana. Lakini usikisome kisa hicho vibaya. Mwanamke hapaswi kuvunjika mbavu ndipo aaminiwe kuwa anaweza. Haki haingoji shujaa. Haki si hisani ambayo mtu hupewa baada ya kulia vya kutosha; ni mali yake tangu mwanzo. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 33, nayo inatamka kwamba wanawake wana utu na hadhi kamili sawa na wanaume, na kwamba wana haki ya kupata fursa sawa.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, wavulana walikuwa na uwanja wa mpira kila alasiri. Wasichana waliupata Jumamosi, tena kama wavulana hawana mechi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza katika kikao: "Mwalimu, kanuni hii imeandikwa wapi?" Tukatafuta katika majalada, tukawauliza walimu wa zamani. Haikuwa imeandikwa popote. Hakuna aliyeitunga, na kila mtu aliitii. Muhula uliofuata uwanja uligawanywa kwa siku, na nakiri kwamba mimi mwenyewe, niliyekuwa nikifundisha uraia mle, sikuwahi kuuliza swali lile.

Mapambano hayajaisha. Skii ina mchezo unaounganisha kuruka kutoka mnarani na mbio za nyika. Wanawake wanaucheza na wana Kombe lao la Dunia, lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwanyima nafasi katika Michezo ya 2026, ikisema kwamba nchi zinazopata medali ni chache na watazamaji ni haba. Nami nauliza: watazamaji watatoka wapi ikiwa mlango umefungwa?

Basi, msomaji wangu, nakupa kazi. Tazama shuleni kwako, klabuni, nyumbani. Tafuta jambo moja ambalo wavulana hupewa zima na wasichana hupewa nusu. Uliza kwa adabu kanuni hiyo imeandikwa wapi, na nani aliiandika. Ukijibiwa "ndivyo ilivyo tangu zamani," jua kwamba hujajibiwa. Uliza tena.