Pembe za Ndovu: Sheria Isilegezwe

Sisi wakazi wa Isevya, mjini Tabora, twaijua biashara ya pembe kwa urithi. Njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katika mji huu, na wapagazi Wanyamwezi ndio waliozibeba pembe mabegani, miezi kwa miezi. Utajiri ulikwenda Unguja na ng'ambo. Mpagazi alirudi na vitambaa na shanga, akijaliwa kurudi.

Basi tunapoambiwa kwamba sheria inayomlinda ndovu ni kali mno, na kwamba pembe zilizomo maghalani ziuzwe, twauliza kwanza: nani atakula faida hiyo?

Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza ndovu aingizwe katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, yaani biashara ya pembe baina ya mataifa ipigwe marufuku. Mwaka 2010 Tanzania hiyo hiyo ilikwenda Doha kuomba ndovu wake washushwe hadi Kiambatisho cha Pili, nayo iruhusiwe kuuza karibu tani 90 za pembe. Ilikataliwa, na twasema ilikuwa heri. Sensa ya 2009 ilipata ndovu 109,000 na ushei nchini. Ile ya 2014 ilikuta kiasi cha 43,000 tu.

Watetezi wa mauzo husema fedha zingelinda mapori. Lakini pembe ikishachongwa bangili, nani ajuaye kama ilitoka ghalani au kwa jangili? Soko halali ni maficho ya soko haramu. (Hatusemi kwamba mauzo yaliyofanywa na nchi za kusini mwaka 2008 ndiyo pekee yaliyotuangamizia ndovu, rushwa nayo ilikuwa na mkono.) China yenyewe ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017.

Kijana wa vijiji vya kando ya Mto Ugalla akikamatwa na kipande cha pembe, hufungwa. Kwa haki gani mwenye stakabadhi auze tani nzima na kupongezwa?

Hoja hii haijazikwa: mwaka 2022 huko Panama Zimbabwe iliomba masharti yalegezwe, ikashindwa. Tunawataka wabunge wa Tabora waulize bungeni: ghalani mna tani ngapi leo, nani anazilinda, na lini zitateketezwa kama Kenya ilivyochoma tani 105 mwaka 2016?