Majumba ya Sanaa Yasigeuzwe Maduka

Wapo watu wanaodai kwamba enzi ya sinema imekwisha, na kwamba majumba yake ya kale hayana kazi ila kugeuzwa maduka au hoteli. Dai hilo huwapendeza wenye haraka ya kupata kodi, lakini halina mizizi katika historia. Ushahidi wa kulipinga upo Vuga, mjini Unguja.

Mwaka 1921 lilifunguliwa hapo jumba la maonyesho la Royal. Liliteketea kwa moto, na mwaka 1955 likasimama jingine mahali pale pale, kwa jina la Majestic. Humo wananchi walitazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, na wanawake wakatengewa maonyesho yao. Televisheni ya Zanzibar ilianza katika miaka ya 1970, na bado sinema ziliendelea kupata watazamaji. Ni video iliyokuja kuwaondoa watu ukumbini. Baada ya maonyesho kukoma, jengo likaachwa lichakae.

Hakuna anayetaka saa irudishwe nyuma. Jengo la kale huishi kwa kupewa kazi mpya. Ngome Kongwe ilijengwa kwa ajili ya vita, lakini imekuwa uwanja wa tamasha la filamu na wa muziki. Jengo la zamani la Forodha lilipokwisha kazi yake ya ushuru, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2002 kilipata makao humo. Basi swali si kama jengo libadilike, bali libadilike kwa faida ya nani.

Watasema ukarabati ni ghali. Ni kweli. Vyumba vya mbele na vikodishwe, ili kodi yake itengeneze paa. Lakini ukumbi ubaki ukumbi: wa tamthilia za shule, wa taarab, wa filamu na wa mikutano ya wananchi. Duka laweza kufunguliwa katika mtaa wowote. Ukumbi wenye jukwaa katikati ya mji ukishavunjwa, haujengwi tena.

Na kuchelewa kuna gharama kubwa zaidi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wakati mwingine ukuta huwaangukia watu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini dhamana yake imo mikononi mwa wenyeji. Mtumishi wa umma anayeandika mkataba wa kukodisha jumba kama hili hana budi kuweka sharti la ukumbi kabla ya kutia saini. Mwalimu naye awapeleke wanafunzi wake wakalione, ili wajue kwamba lilikuwa lao. Umma usiojua mali yake hauwezi kuitetea.