Mvua Si Mto

Mshairi hukesha kwa ajili ya silabi moja. Mizani ikizidi au kina kikipotea, huufuta ubeti mzima akaanza upya. Ajabu ni kwamba sisi sisi, tukitoka katika shairi na kuingia katika habari za maafa, huridhika na neno moja tu: mafuriko. Mafuriko gani? Hatuulizi.

Wanasayansi huuliza, na hutumia vivumishi viwili vyenye asili ya Kilatini: fluviali na pluviali. Sikio huvipokea kama mapacha, kwani vina vyao ni vimoja na kinachovitenga ni herufi ya mwanzo tu. Lakini havikutoka tumbo moja. Cha kwanza chatokana na fluvius, yaani mto. Cha pili na pluvia, yaani mvua. Mafuriko ya fluviali ni ya mto uliojaa ukapita kingo zake, pengine kwa mvua iliyonyesha mbali, hapa jua likiwaka. Ya pluviali ni ya mvua ishukayo kwa kasi kuliko ardhi na mitaro inavyoweza kuipokea, hata pasipo mto jirani. Sisi wa Unguja twaijua hii ya pili: maji yanapotuama Mwanakwerekwe wakati wa masika, hakuna mto wa kulaumiwa.

Huko Mwanza, maji hayo mawili hukutana. Mabatini ni kata ya jiji lile, na jina lake ni somo tosha: bati halinywi maji. Kila tone liangukialo paa hushuka, likaungana na maji yateremkayo kutoka vilima vya mawe, navyo havinywi. Bondeni upo Mto Mirongo, uendao kumwaga maji yake ziwani. Nalo ziwa lina zamu yake: lilipanda zaidi ya mita 2 baina ya 1961 na 1964, na Mei 2020 likafikia tena kimo cha namna ile.

Basi mkaazi wa Mabatini akiamka maji yamo chumbani, kumwambia tu kwamba yamekuja mafuriko ni sawa na kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa. Ikiwa ni ya mto, dawa ni kulinda kingo, kuzoa mchanga na taka, na kutojenga bondeni. Ikiwa ni ya mvua, hata aliye mbali na mto yumo hatarini, na dawa ni mitaro, miti na ardhi iliyoachwa wazi. Kumhamisha mtu kwa kosa la mto, ilhali mkosaji ni mtaro, ni dhuluma. Na dhuluma hiyo huanzia katika msamiati.

Wala asidhani mtu kwamba wasomi hawatelezi. Watafiti wa enzi ya ukoloni, E. J. Wayland wa Uganda na Louis Leakey wa Kenya miongoni mwao, waliigawa historia ya kale ya Afrika Mashariki katika zama za pluviali, na mojawapo ikaitwa kwa jina la Mto Kagera. Walisoma mashapo ya mito na fukwe za kale za maziwa, wakahukumu kuwa ni mvua. Tangu miaka ya 1950 hukumu ile ilipingwa, kwa kuwa ardhi yenyewe ilikuwa imeinuka na kuinama, ikageuza mito na maziwa. Mgawanyo ule ukaachwa.

Wapo watakaosema: basi tuyaazime maneno hayo, kwani Kiswahili hakijatosha kwa sayansi. Nawapinga. Kwa nini tuazime maneno yanayopishana herufi moja, ilhali mto na mvua kwetu hayafanani hata kwa silabi? Tuseme mafuriko ya mto, mafuriko ya mvua, mafuriko ya ziwa. Hapo mvuvi ataelewa, na mhandisi ataelewa. Kilichopungua kwetu si neno, ni uangalifu. Na wa kwanza kuudai awe mshairi, ambaye ndiye ajuaye thamani ya herufi moja.