Kaka, imegoma!

Najua nilikuwa kimya. Umeme na uvivu vigawane lawama. Leo nataka tuzungumze kuhusu kusaidiana, lakini sio kule kwa kadi za mchango wa harusi. Nazungumzia pale mtu anapokujia na kitu kilichomshinda: gemu imegoma, hesabu imekataa, programu inamwaga maneno mekundu kwenye skrini. Unamsaidiaje? Mimi nimegundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nasaidia vibaya, na kuna dogo mmoja alichapwa fimbo kwa sababu yangu.

Wanaopita barabara ya Tegeta kwenda Goba wanapajua hapa Madale. Zamani mashamba na vumbi, leo fremu za maduka kila hatua. Katika moja ya fremu hizo kuna banda la gemu. Mlango ni pazia, ndani kuna TV tatu, benchi, na joto la kupikia maandazi. Mashine mbili kati ya zilizomo ni PlayStation 2. Mashine hii ilitoka Japani mwaka 2000, Sony wakauza zaidi ya milioni 150, na ilipofika 2013 walikuwa wameshaacha kuitengeneza. Hapa kwetu hatujapata taarifa. Zinapigwa kuanzia asubuhi mpaka giza.

Sasa turudi kwa dogo. Ni mtoto wa jirani, wakati huo yuko kidato cha pili. Usiku mmoja akaja na daftari: "Shikamoo kaka. Naomba unisaidie, maswali saba, kesho yanakusanywa." Yalikuwa ya vipeo. Mimi nilikuwa na habari ya kupeleka kwa mhariri na simu ilishaita mara mbili. Nikachukua kalamu, nikayamaliza yote kwa dakika ishirini, yeye akanakili. Akashukuru. Nikalala nikijiona mtu mwema.

Alipata yote saba. Mwalimu akafurahi, akamwita ubaoni awafanyie wenzake namba tatu. Dogo akasimama na chaki mkononi. Mnaweza kumalizia wenyewe. Hakunitaja. Mimi nilikuja kujua wiki mbili baadaye, mama yake aliponiambia akiwa upande wa pili wa ukuta: "Wewe baba, ule msaada wako umemponza mwanangu." Kuanzia hapo daftari la hesabu hakuligusa tena, na jioni zake zikahamia bandani.

Mimi sio mwalimu, lakini tusidanganyane kuhusu hali ya hesabu nchini. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2021 na ya 2022, Hisabati ilifauliwa na takribani mtahiniwa mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 ikapanda kidogo, ikawa kama robo. Kila daftari la mtoto anayekuja kugonga mlango usiku lina uzito huo nyuma yake, na mimi nililichukulia kama usumbufu wa kumalizwa haraka nirudi kwenye mambo yangu.

Jumamosi moja nikamfuata bandani, nimejiandaa kutoa hotuba. Sikuitoa. Nikamkuta ameinama juu ya PlayStation iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, na yule kijana mwenye banda amekaa kando yake anammulikia kwa tochi ya simu. Mashine ilikuwa haisomi CD. Fundi (ndivyo wanavyomwita, alisomea kompyuta chuoni mpaka ada ikamtoa) alikuwa anauliza maswali tu. Kabla haijagoma ilikuwa inafanya nini? Umebadilisha nini? Kwenye skrini imeandika nini, neno kwa neno? Dogo akajibu, akafikiri, akasema labda lenzi ina vumbi. Fundi akamkabidhi pamba na spiriti. Hakugusa mashine hata mara moja. Ile kazi angeimaliza mwenyewe kwa dakika tano, na wateja walikuwa wanasubiri. Wakasubiri nusu saa.

Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda hivyo. Akasema akitengeneza yeye, kesho dogo atarudi na tatizo lile lile.

Kisha nikaona jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike leo. Lenzi za mashine hizi zimechoka, kwa hiyo siku hizi gemu nyingi zinachezwa kutoka kwenye flashi. Kuna programu zilizoandikwa na watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuonana, wakazigawa bure. Unaweka moja kwenye kadi ya kumbukumbu na mashine inasoma flashi. Raha tupu, ila gemu kubwa kama God of War II inakataa kunakiliwa. Flashi ina nafasi tele, lakini kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Dogo akalalamika kwamba flashi ni ya Kichina. Fundi akamwambia shida sio Uchina. Flashi imepangwa kwa mfumo ambao ukubwa wa faili unaandikwa kwa tarakimu 32, kila moja ni sifuri au moja. Haya, namba kubwa kuliko zote unayoweza kuandika hapo ni ngapi?

Dogo akaanza kuzidisha mbili kwa mbili kwa mbili kwenye simu. Akapotea. Akaanza tena, akapotea tena. Fundi kimya. Baada ya muda dogo akasema, kama anajisemea: kumi na kumi na kumi, halafu mbili. Yaani 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024; zidisha hiyo mara tatu, umefika kipeo cha 30; zidisha kwa 4, umefika 32. Ikatoka 4,294,967,296. Toa moja, kwa sababu tunaanza kuhesabu na sifuri. Ndiyo maana faili linagota kwenye gigabaiti nne, na ndiyo maana gemu inabidi ikatwe vipande.

Wadau, ile ndiyo ilikuwa namba tatu. Kujumlisha vipeo! Ile ile aliyochapiwa ubaoni. Nilisimama pale mlangoni kwenye pazia nikitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo maoni yangu ndiyo haya, na mnaruhusiwa kunipinga. Tunao wasaidizi wabaya wa aina nyingi mjini hapa. Yuko anayekucheka kwanza, "Hilo nalo hujui?", na ukishachekwa mara moja huulizi tena maisha yako yote. Yuko anayebania, anajua, lakini ujuzi wake ni kama jagi la kaka mkubwa, halishikwi. Halafu kuna aina yangu, ambayo naamini ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inashukuriwa: anayekufanyia. Siku hizi hata akili mnemba imeingia kwenye aina yangu. Mtoto anapiga picha swali, jibu linashuka na hatua zake zote, mwandiko safi. Nikisikia watu wazima wanalaani hilo nanyamaza, maana mimi nilifanya hivyo hivyo na sikuhitaji hata bando.

Baada ya siku ile nikajaribu kubadilika. Ni kazi, nawaambia. Majuzi dogo amejifunza Python kidogo kwenye simu, akaja mbio: "Kaka, simu imekosea hesabu." Aliandika 10 - 4 + 3, ikamjibu 9. Yeye alifuata MAGAZIJUTO aliyofundishwa tangu shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kujumlisha kunatangulia, kwa hiyo 4 na 3 ni 7, kumi toa saba ni 3. Ulimi uliniwasha kumpa jibu. Nikaung'ata. Nikamuuliza: una elfu kumi, umetumia elfu nne, mama akakurudishia elfu tatu. Una ngapi? Akasema tisa. Akanyamaza. Akaangalia simu. Akasema, "Kumbe ju na to wako sawa, anayetangulia kushoto ndiye anaanza."

Tukakaa na karatasi tukagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria katika miaka yangu yote ya shule. Kama neno lenyewe lingekuwa MAGAZITOJU, lingekuwa chungu mdomoni lakini lisingempoteza mtu: ukitoa kwanza halafu ukajumlisha, jibu halikosei. Jaribuni. Na ndivyo ilivyo kwa kugawanya kabla ya kuzidisha, kwa hiyo upande ule neno halina madhara. Ni hizo silabi mbili za mwisho tu. Sijui ni watoto wangapi wamekosa alama kwa ajili ya silabi mbili.

Mama yake bado hapendi banda, na simlaumu. Nimeona watoto wa sare pale saa nne asubuhi, na hilo fundi anapaswa kulikataa hata kama linamwingizia hela. Tumeshagombana naye kuhusu hilo. Lakini kuogopa mashine yenyewe ni hadithi ya zamani kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kulegeza. Mwaka 2014 hesabu zikaingia kwenye TV kwa Kiswahili, kupitia katuni za Ubongo Kids zilizotengenezwa hapa hapa Dar, na watoto wakaimba hesabu. Skrini ni ile ile. Nilimwambia mama haya, akanijibu kwamba Ubongo Kids hailipishi shilingi mia tano kwa mechi. Sikuwa na la kusema.

Nimesikia kwamba waandishi wa programu huko Ulaya na Marekani huweka bata wa plastiki mezani. Wakikwama wanamweleza bata tatizo mstari kwa mstari, na mara nyingi kosa linajitokeza kabla hawajamaliza. Madale bata wa kweli wapo, tena bure, ila hawatulii. Nimekubali kuwa mimi bata.

Wiki iliyopita dogo alikuja na programu yake ya kuhesabu pointi za ligi ya mtaani. Inazunguka bila kusimama. Nikaikodolea macho siku mbili. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Alishangaa kidogo, nadhani hajazoea kusikia neno hilo kwa mtu mzima. Jumamosi tukaenda wote bandani, tukakaa kwenye benchi tukisubiri zamu. Fundi akatuangalia, akaangalia simu, akairudisha.

"Kabla haijagoma," akasema, "mlibadilisha nini?"