Utafiti Haujaisha Hadi Ufike Sokoni

Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu, yaliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Wataalamu wa vyakula wanajua sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Kinga ni kukausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Wanahisabati nao wanajua punje chache zaweza kuharibu gunia zima, kwa hivyo konzi moja haitoshi kupima.

Mengi ya haya huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 imefanya Kiswahili lugha rasmi. Vyuo vikuu tunavyo, Kilifi na Mombasa. Naona walimu wa lugha waketi na watafiti hao, ili muuza mahindi wa Kongowea naye ajue anachouza.