Kibanda Kibovu Kimetengenezwa na Sera

Vijana wenzangu, kila viongozi wa jiji wanapoamka na kampeni ya usafi, kitu cha kwanza kuguswa ni kibanda cha machinga. Si mtaro ulioziba, si taka zilizolala wiki nzima bila gari kupita. Ni meza ya mama anayeuza maandazi. Na sababu ni ile ile siku zote: vibanda vinaharibu sura ya jiji, ni mabanzi, turubai na maboksi matupu.

Vingi ni vibaya kweli, tusibishane hapo. Swali wasilotaka kuulizwa ni hili: kwa nini mtu anayehesabu faida yake mpaka shilingi mia aamue kujenga duka lake kwa mabanzi?

Muulize mwenyewe, atakujibu. Anajua kesho mgambo wanakuja. Toroli nzuri ya chuma, yenye magurudumu ya baiskeli na paa la kukunja, ni mtaji wa miezi. Nani aweke mtaji wa miezi mahali ambapo hana uhakika wa wiki? Mabanzi ya kuokoteza yakivunjwa, roho haiumi sana. Hii ni hesabu ya biashara, bwana, si uchafu wa tabia.

Mnakumbuka tulikotoka. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi, mchuuzi akawekwa fungu moja na mzururaji. Baadaye Ilala ikajengwa Machinga Complex kwa mkopo wa NSSF, ghorofa kwa ajili ya watu ambao biashara yao yote ni kukutana na mpita njia! Miaka ikapita vizimba vikiwa vitupu, halafu lawama akapewa machinga, eti hapendi utaratibu. Desemba 2018 Rais Magufuli akagawa vitambulisho 670,000, kila kimoja shilingi 20,000, tukaambiwa sasa hakuna wa kuwabugudhi. Oktoba 2021 vibanda vya Dar es Salaam vikaondolewa barabarani, na kile kitambulisho kikabaki kumbukumbu mfukoni. Januari 2022 soko la Karume, mbao zimebanana na mbao, likateketea.

Katika mlolongo wote huo, ni nani aliyeshika penseli akachora kibanda chenyewe? Walichora sheria, walichora kadi, walichora ghorofa. Toroli hakuna aliyeichora.

Na msituambie nchi hii haina wasanifu. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege: inatoa kivuli, inaacha upepo upite, inakinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi. Hayo yalifanyika karibu nusu karne iliyopita, katika nchi iliyokuwa na pesa kidogo kuliko leo. Taifa lile liliona muuza nyanya anastahili msanifu. Hili la leo linaona anastahili kipaza sauti cha kumhimiza ahame.

Wananchi wenyewe wameshafanya nusu ya kazi. Tazama baiskeli ya madafu: mzigo uko chini, panga lina mahali pake, na mwenyewe anaondoka na duka lake lote bila kumwachia mtu taka. Tazama mkokoteni wa juisi ya miwa, kabati la vioo la chipsi, birika la kahawa lenye jiko chini yake. Huo ni usanifu, hata kama hakuna aliyeupa cheti. Unachohitaji ni kusaidiwa pale ulipokwama.

Na ulipokwama panajulikana. Magurudumu madogo ya toroli za kununua yanazama kwenye kila shimo. Ya baiskeli yanapita, na vipuri vyake viko kila mtaa. Paa la bati lililoshuka mpaka kichwani linageuza kibanda kuwa tanuri saa saba mchana. Liinuliwe, iachwe nafasi ya hewa, lipakwe rangi nyeupe, joto litapungua bila kutumia umeme hata kidogo. Fremu iungwe kwa bolti badala ya kuchomelewa kote, ili kipande kikiharibika kibadilishwe hicho tu, na fundi wa Gerezani aitengeneze bila kusubiri kontena. Paneli ndogo ya jua ya wati 50 inatosha kuwasha taa za LED jioni nzima na kuchaji simu, na tutaachana na zile nyaya za kuungaunga zinazotuunguzia masoko. Mama lishe awe na ndoo ya koki ya kunawia na ndoo ya pili ya maji machafu, zote zikiwa na mahali pake ndani ya toroli. Ndoo za koki tulizizoea wakati wa korona, si teknolojia ya mwezini.

Kwa sasa wanaofikiria usanifu wa barabarani kwa bidii ni makampuni ya simu na ya soda: mwamvuli, meza ya kukunja, rangi moja. Lakini wanachochora wao ni tangazo. Muuzaji ni nguzo ya kushikilia nembo.

Watasema toroli zitaziba njia za waenda kwa miguu. Hoja hii ni ya haki, na mlemavu wa kiti cha magurudumu asitolewe kafara kwa ajili ya mtu yeyote. Ndiyo maana tunataka vipimo: njia ya miguu ibaki mita mbili wazi, na toroli isimame nje ya hapo. Nafasi moja ya kuegesha gari, mita mbili na nusu kwa tano, inabeba toroli nne pamoja na wenyewe. Gari moja linalala pale siku nzima. Familia nne zingekula. Na kwa kuwa toroli ina magurudumu, asubuhi anasimama muuza chai, jioni anasimama wa mishikaki, eneo lile lile. Usiku zinaingia yadi yenye maji na mlinzi. Yadi hizo ndizo kazi ya halmashauri, na ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu zinataka ardhi karibu na wateja. Si Kigamboni ndani.

Durban walijaribu. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, jiji liliketi na wachuuzi wa Warwick Junction, wapishi wa vichwa vya ng'ombe wakatengenezewa sehemu zinazofaa kazi yao, na soko la dawa za asili likawekwa juu ya daraja la barabara lililoachwa bila kumalizika. Hata hivyo mwaka 2009 jiji hilo hilo lilitaka kujenga jengo la maduka pale pale, na wachuuzi wakapambana mpaka mahakamani kulizuia. Kibanda kizuri peke yake hakimlindi mtu. India mwaka 2014 walitunga sheria: kamati za mji zinazopanga maeneo ziwe na wachuuzi angalau asilimia 40, na asiondolewe mtu kabla sensa ya wachuuzi haijafanyika.

Kwetu sheria ndogo zinapitishwa na baraza la madiwani. Kikao kijacho mpelekeeni diwani wenu mambo matatu kwa maandishi: kibali cha kusimama cha angalau miaka mitatu chenye eneo lililotajwa, viti vya wachuuzi waliochaguliwa na wenzao kwenye kamati ya kupanga maeneo, na mchoro mmoja wa toroli ulio wazi kwa fundi yeyote kuutengeneza bila tenda ya mkubwa. Akijibu kwamba bajeti hakuna, mwombeni awasomee kwa sauti ni kiasi gani halmashauri inatumia kwa mwaka kuwalipa mgambo na kukodi magari ya kubomolea.